Goti lilivyonirudisha nyuma, na nilivyokwenda nalo

Mimi nacheza netiboli, senta, timu ya ofisi hapa Dodoma, watu wa SHIMIWI, ile michezo ya wizara na idara za serikali, mnatujua. Niliumia goti la kulia mazoezini, nimedaka mpira juu nikatua na mguu mmoja, na netiboli ukishika mpira huruhusiwi kukimbia nao, unatakiwa usimame palepale, sasa mwili ukaendelea mbele goti likabaki. Kipimo cha MRI kikaonyesha kano ya ndani ya goti, ile ACL, imekatika. Nikafanyiwa oparesheni, wakachukua kano ya nyuma ya paja wakatengenezea mpya. Hapo napita haraka maana oparesheni sio iliyonitesa, kilichonitesa ni kila nikiona nimetoka, narudi nyuma tena.

Kwanza goti liligoma kunyooka. Kukunja nakunja kidogo kidogo, kunyoosha hata kwa dawa. Fizio wangu, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, kaka mmoja mpole sana, akasema "dada, kukunja kutakuja tu, kwenye kunyoosha ndio tukomae sasa hivi." Basi kisigino juu ya taulo lililokunjwa, goti linaning'inia, unavumilia. Mama alikuwa amekuja kutoka Mpwapwa kunihudumia, anakaa pembeni ananipigia stori ili muda uende. Alitaka sana anipeleke kwa bibi mmoja anayechua, na sikumlaumu, kwetu ndivyo magoti yalivyotibiwa miaka yote. Lakini kano ya kupandikiza ina tabia hii, ndani ya miezi 2 au 3 ya mwanzo inadhoofika kwanza ndipo inaanza kujijenga, yaani wakati wewe unajisikia vizuri ndio yenyewe iko dhaifu. Fizio akamweleza mama mwenyewe kwenye simu, shikamoo nyingi, akaelewa, nguvu zote akahamishia jikoni, ugali wa uwele na mlenda, mayai, karanga, maziwa.

Kurudi nyuma kulikoniumiza zaidi ni pale nilipoanza kukimbia taratibu. Jioni niko salama, asubuhi goti limejaa kama embe, nikajua basi kano imekatika tena, nililia mpaka mama akaja kugonga mlango.

Fizio hakunipa maneno ya kunifariji, alinifundisha kulikagua goti mwenyewe, na hiki ndicho kilichoniokoa kichwani. Unakaa umenyoosha mguu, paja umelilegeza. Kwa kiganja unasukuma upande wa ndani wa goti kwenda juu, halafu unapitisha mkono upande wa nje kushuka chini, unaangalia pale kwenye kishimo cha ndani. Kikijaa tena polepole, maji yapo. Yakiwepo jioni na asubuhi yameondoka, kazi ya jana ilikuwa ya kiasi. Asubuhi bado yapo, unapunguza kazi, unapunguza tu, huachi kila kitu. Ila goti likikwama au likikutoka ghafla ukiwa unatembea, hiyo ni ya daktari.

Pia nilikuwa na tepu ya fundi cherehani, napima unene wa paja katikati, juu ya pale goti linapovimba, naweka alama kwa kalamu nisikosee sehemu, mguu huu na huu, naandika kwenye daftari. Wiki ile ya embe nilipima huku machozi yananitoka, nikakuta paja limeongezeka. Nilikaa na hiyo namba muda mrefu. Goti limerudi nyuma, msuli umeenda mbele, vyote kwa wiki moja, nikaacha kabisa kusema nimeanza upya.

Nikafika mwezi wa tisa tangu oparesheni nikapimwa nguvu na kuruka kwa mguu mmoja. Walitaka mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake, wangu haukufika, na timu ndio ilikuwa inajiandaa kusafiri. Watu wananiambia mbona fulani alirudi na miezi 6. Ni kweli wapo, ila wanaorudi kabla ya miezi 9 wanaumia tena zaidi, na hata hiyo 9 sio tiketi, tiketi ni nguvu. Kaka yangu akanikumbusha Ronaldo wa Brazil, aliumia kano inayoshika pia, kile kifupa cha mbele ya goti, mwaka 1999 akiwa Inter, Aprili 2000 akarudi kwenye mechi na Lazio, dakika chache tu ikakatika kabisa. Halafu Kombe la Dunia 2002 akafunga magoli 8, mawili ya fainali. Stori hiyo ilinitisha na kunipa moyo kwa pamoja.

Nikaomba kocha anipe kazi, nikasafiri na timu kama mshika takwimu. Iliuma kukaa benchi na daftari, sana tu, lakini kukaa nyumbani Nkuhungu nasubiri matokeo kwenye grupu la WhatsApp kungeniua.

Mazoezi niliyapeleka nyumbani, dumu la maji la lita 5 kama uzito, ngazi za ofisini, kusimama na mguu mmoja wakati napiga mswaki. Nilipopimwa tena nikafaulu. Sasa hivi nacheza robo mbili kati ya nne, na nimehamia WD, mlinzi wa pembeni, kwanza maana senta anakimbia karibu uwanja mzima. Kocha ananitaka senta, nimemwambia tepu bado inaonyesha tofauti kati ya mapaja, yakilingana, namba yangu ya senta nairudisha.