Padi Iliyogeuka Flashi: Siku Yangu Mwanga, Kigoma

Saa 1:30 asubuhi nafungua kibanda. Nafagia, natandika kitambaa cheupe mezani ili skrubu ikidondoka niione, nakunywa chai na andazi.

Saa 3:00 anaingia mama mwenye banda la gemu kule Ujiji, kikapu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hii. Kila tukiichomeka, kompyuta inasema ni flashi. Fundi wa kwanza kaniambia nitupe."

Ni padi ya kuchezea gemu, ya kuundwa kwa mkono: boksi la mbao, vitufe vikubwa 12, ndani yake bodi ndogo ya kielektroniki iitwayo Raspberry Pi Pico. Neno "tupa" limenikera. Padi hii ndiyo inayojaza vijana bandani kwake jioni, na sioni dalili kwamba kuna mtu aliyeifungua akaipima.

Nachomeka kwenye laptopu. Kweli, inatokea flashi yenye jina RPI-RP2. Kwangu hiyo ni habari njema. Chipu yake, RP2040, ina programu ndogo ya kuanzia iitwayo butiloda, iliyowekwa humo kiwandani, na haifutiki. Ikiwashwa inatazama mambo mawili: je, BOOTSEL, kitufe kidogo kilicho juu ya bodi yenyewe, kimebonyezwa? Je, mwanzo wa programu iliyo kwenye kumbukumbu uko sawa? Kitufe kikiwa chini, au mwanzo wa programu ukiwa umeharibika, chipu inajionyesha kama flashi na kusubiri faili la UF2, yaani faili la kuiwekea programu. Kwa hiyo mgonjwa wangu yu hai.

Saa 4:00 nashusha GP2040-CE, programu huria ya padi za aina hii. Bando linakwenda, lakini nahakikisha faili ni la Pico, si la bodi nyingine. Nalinakili ndani ya RPI-RP2. Flashi inatoweka, kama inavyotakiwa. Kidogo tu, hiyo imerudi! Nabadili waya, nabadili tundu la USB. Inarudi vilevile. Ukifika hapa usiendelee kupandisha faili lile lile mara kumi. Faili limeshaingia. Kilichobaki ni kitufe.

Mchana unakwenda kwa simu tatu za tundu la chaji, kisha ugali na migebuka.

Saa 8:30 naichomoa bodi kwenye umeme, naweka ncha za multimeta, kipimo cha umeme, kwenye miguu ya BOOTSEL. Inalia, yaani miguu imeungana kama kitufe kilichobonyezwa. Sijagusa kitufe, inalia! Naangalia kwa kioo cha kukuzia: utando wa kahawia umekaukia pembeni. Soda. Sukari imekigandisha kitufe chini, kwa hiyo kila chipu inapowashwa inadhani kuna mtu amekibonyeza.

Spiriti, mswaki laini, taratibu. Nabonyeza, naachia, nabonyeza tena, mpaka nisikie "tik" safi. Multimeta imenyamaza. Naiacha ikauke nusu saa nzima, maana spiriti iliyobaki chini ya kitufe sitaki kuifungia ndani ya boksi.

Saa 9:40 nachomeka. RPI-RP2 haipo. Laptopu inaandika kwamba imeona padi. Nimepiga meza kwa furaha hadi skrubu zikaruka.

Saa 11:00 mama amerudi na kitinda mimba wake. Kijana anajaribu vitufe kimoja kimoja. Cha kumi na moja hakiitiki. Nafungua tena: waya wake umechomoka, nadhani niliuvuta mwenyewe wakati wa kusafisha. Lehemu kidogo, dakika tano. Kijana anaanza upya kutoka cha kwanza, mama akihesabu kwa sauti hadi kumi na mbili.