Siku ya tasnifu mbili katika maabara ya nyayo za kale

Saa 1 asubuhi. Nafungua maabara mapema. Leo wanafunzi wetu wawili wanatetea tasnifu, mmoja wa uzamivu, mwingine wa uzamili. Mimi ni fundi wa maabara: nakata mawe, nayasafisha, nayapiga picha na kuyapa namba. Mawe yatakayojadiliwa leo nayafahamu moja moja.

Visukuku vyetu si mifupa wala magamba. Ni nyayo, mashimo na michirizi iliyobaki kwenye tope lililogeuka mwamba. Mfupa unaweza kusombwa na maji mbali na alipoishi mnyama, lakini shimo hubaki lilipochimbwa. Kwa hilo naipenda kazi hii.

Saa 2 na nusu. Napanga vibamba vya mwamba mezani. Mwanafunzi wa uzamivu anaingia, sauti imemkauka.

"Fundi, nizime taa kubwa?"

"Zima." Alama nyingi zina kina cha milimita chache tu, na mwanga wa juu huzifuta. Taa ikilazwa pembeni, kila mkwaruzo hutoa kivuli chake. Tunaisogeza taratibu mpaka anatabasamu.

Saa 4. Ukumbi umejaa. Tasnifu yake inahusu mwanzo wa Kambria, kipindi cha historia ya dunia kilichoanza miaka milioni 539 hivi iliyopita. Mpaka wa kipindi hicho uliidhinishwa mwaka 1992 huko Fortune Head, Newfoundland, Kanada, na alama iliyotumika kuutambua haikuwa mnyama bali shimo: Treptichnus pedum, lenye vijitawi vinavyochomoza kimoja baada ya kingine. Kabla yake, wanyama wengi walitambaa juu ya sakafu ya bahari au chini yake kidogo tu. Baadaye wakaanza kuingia ndani na kuivuruga. Yeye amepima mvurugiko huo tabaka kwa tabaka, kwa kipimo cha 0 hadi 6. Kwenye 6 hakuna mstari wa asili wa tabaka uliosalia.

Mtahini anauliza swali nililolingojea: "Nani alilichimba?"

"Mchimbaji hayumo kwenye mwamba," anajibu. "Mashimo ya minyoo ya priapulidi wa leo yanafanana na haya. Nasema mnyama wa namna hiyo, zaidi ya hapo ushahidi wangu haufiki."

Hapo nikajua amefaulu. Mnyama mmoja huacha alama tofauti akitembea, akipumzika au akila, na wanyama wasio na undugu huweza kuchimba shimo la aina moja. Jina hupewa alama, si mwenye alama. Kusimama pale ushahidi unapoishia, mbele ya watahini, kunahitaji ujasiri mkubwa kuliko kutaja jina.

Saa 8. Zamu ya uzamili: Ophiomorpha, mashimo ya wanyama wa bahari wa jamii ya kamba, yaliyokandikwa vidonge vya tope ili mchanga usiporomoke. Anaeleza vizuri, bila kukimbia. Watahini wanataka picha moja iwe wazi zaidi.

Saa 10. Wote wamefaulu, kwa marekebisho madogo. Profesa anasema, "Hongera, Daktari," na makofi yanavuma mpaka korido. Nawapa kila mmoja nakala ya plasta ya alama aliyoichunguza. Nilizimimina wiki iliyopita bila wao kujua. Daktari wetu mpya anapitisha kidole kwenye vijitawi, machozi yanamlenga.

Saa 11. Wa uzamili ananivuta mkono: "Fundi, ile picha tuipige sasa hivi?" Nawasha taa ya pembeni.