Juu ya nini tunakimbilia penye moto

Kila mara lori ya mafuta ikipinduka mahali na watu waungue, kwenye Facebook unakuta paka komenti ya aina moja: wajinga hao, walijitakia. Mi hiyo ya ujinga hainitoshi, na sisi wa Goma njo tungepaswa kuwa wa mwisho kuisema.

Wenye mlikuwa wakubwa mnakumbuka, tarehe 17/1/2002 volkano yetu Nyiragongo ilipasuka, lava, yale mawe ya moto yenye kuyeyuka, ikashuka mpaka katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Watu wakavuka Gisenyi, upande wa Rwanda, siku chache tu wengi wakawa wamesharudi, na tarehe 21 kwenye sitasioni moja ya esansi (petroli), lava ingali moto pale karibu, watu wanaingia na mabidoni wanachota. Ikalipuka. Walikufa watu makumi. Shida ya lava ya siku nne ni kwamba juu imeshakuwa nyeusi, unaiona kama jiwe la kawaida, kumbe chini bado inaungua, na mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini chini mpaka ukutane na joto, haungoji mtu awashe kiberiti.

Tarehe 2/7/2010 ikawa Sange, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira. Lori ilipinduka, watu wakaja kuchota, moto ukawaka, zaidi ya watu 200 wakafa, na wengine hata hawakuwa wanachota, walikuwa wanaangalia mechi ya Kombe la Dunia pale karibu.

Mtu ataniambia ni njaa. Sawa, bidoni moja ni chakula cha siku kadhaa, na 2002 kuna wenye nyumba zao zilikuwa chini ya mawe. Lakini njaa inaeleza juu ya nini uliitaka ile esansi, haielezi juu ya nini hukuogopa. Na ile 22/5/2021 volkano ilipotoka tena, lava ikasimama kule Buhene, pembeni ya mji, wenye walipanda juu yake asubuhi na simu mkononi kupiga picha walikuwa na njaa gani? Moshi unatoka kwenye nyufa chini ya viatu na mtu anacheka kwenye kamera. Siku zile kuna waliokufa wakikatiza juu ya lava, gesi iliwamaliza njiani.

Mwaka 1968 Wamarekani wawili, Bibb Latané na John Darley, waliweka wanafunzi kwenye chumba wajaze makaratasi, kisha wakaingiza moshi kupitia ukutani. Aliyekuwa peke yake, mara nyingi alitoka kwenda kusema, 75 kwa mia. Ila ukimweka na wawili waliopangwa wajifanye hawaoni kitu, ni 10 tu kwa mia waliotoka. Wengine walibaki wanaandika, wanakohoa, wanapepea moshi na mkono! Wale hakuna mtu aliwaahidi bidoni. Kwa hiyo mi naona kile tunaita kichaa cha mtu mmoja, mara nyingi ni cha kuazima, unaangalia nyuso za wenzako, hakuna anayekimbia, basi woga wako unauonea haya unaumeza. Na pale sitasioni kila aliyetoka na bidoni yake mzima alikuwa anawahubiria walio nyuma kwamba hapa hakuna shida.

(Hapa siingizi wanaopanda mabato yenye kujaa kupita kiasi, kama ile iliyozama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, mwezi wa 10 mwaka 2024. Barabara ya Goma na Minova ilikuwa imekatwa na vita, wangepita wapi? Hiyo hata siiti kichaa.)

Vijana ndo hii ya kuazima kichaa inawapata zaidi. Margo Gardner na Laurence Steinberg walitoa utafiti mwaka 2005, watu wanaendesha gari kwenye mchezo wa kompyuta, taa ya njano inawaka, unaamua kusimama ama kuendelea mbele. Kijana akiwa peke yake alikuwa na adabu kidogo, weka marafiki zake nyuma wanamwangalia, anaanza kujaribu bahati. Wakubwa, marafiki wakuwepo wasikuwepo, hawakubadilika sana.

Hii nilimsomea mdogo wangu, yeye ni motari, anabeba watu kwa pikipiki, akiwa na mama mteja nyuma anaenda polepole kabisa, ila wakitoka na wenzake saa ya jioni bila wateja unasikia pikipiki zinalia kutoka mtaa wa Majengo. Nikamuuliza siku moja njo aniambie ukweli, nani kati yenu huwa anaanza? Akafikiri.

"Yaya, hakuna mwenye anaanzaka. Unasikia tu mwenzako ameongeza gazi."

Nikamwambia basi huyo ndiye ameanza. Akakataa, eti huyo naye alikuwa amesikia mwingine.