Kidole kimepita!

Leo nimetoka Kirinyaga Road na tairi mpya nne. Furaha niliyo nayo!

Subaru yangu imeshushwa kwa springi fupi, na ilikuja na tairi za 205/55R16 (upana milimita 205, ukuta asilimia 55 ya upana huo, rimu inchi 16). Rimu mpya ni za inchi 17, na kila mtu ananiambia weka 225/45, zinajaza fenda vizuri. Kimo cha tairi nzima kweli kinalingana, karibu milimita 632 za zamani kwa 634.

Lakini upana je?

Fundi, mzee mpole sana, akafunga moja mbele, akashusha jeki, akakata usukani hadi mwisho. Kisha akaingiza kidole kati ya tairi na fenda.

Kikakwama.

"Kijana, hii itakula fenda kwenye tuta la kwanza."

Akafunga 215/45R17. Kidole kikapita, kikarudi. Kimo kimepungua milimita 7 hivi, spidomita itazidisha kidogo sana, sijali. Ninachowazia ni ukuta wa tairi: milimita 97 tu, na mashimo ya Nairobi mnayajua.

Nyinyi mlioshusha magari, mmefunga saizi gani? Na upepo mnajaza kiasi gani? Niambieni hapa chini.