Mwani wa tangini niliukomesha kwa mwani mwingine

Kila aliyeliona tangi langu la samaki wa maji ya chumvi hapa Nkuhungu, Dodoma, alitoa ushauri uleule: badilisha maji. Nikabadilisha mpaka mgongo ukauma, na mwani wa nywelenywele ukazidi kunenepa juu ya mawe. Watu hawa wanafugia Dar, hawaujui upepo wetu. Dodoma tangi linakauka unaliona, na kinachokauka ni maji tu, chumvi inabaki. Basi ili kipimo cha chumvi kikae kwenye 1.025 lazima ujazie maji yasiyo na chumvi kila siku. Ukijazia ya kisima au ya bomba, kila ndoo inaacha humo madini na naitreti yake, na naitreti ndiyo chakula cha mwani. Nilipima naitreti ya maji ya bombani kwangu kabla hayajagusa tangi, kichupa cha kupimia kikawa chekundu, yaani imejaa. Kumbe nilikuwa naambiwa nimwage mbolea!

Mwingine akasema zima taa siku tatu, funika tangi lote. Nikafunika kwa blanketi na khanga za mama watoto, sebule giza. Jirani akachungulia mlangoni, akavua kofia: "Poleni jamani, nani tena?" Nilipofunua, mawe meupe peee. Nikapiga picha, nikatamba kwenye kundi la WhatsApp. Haukupita muda mwani ukarudi na hasira, maana ule uliokufa ulikuwa umeozea mlemle. Mshauri wangu akasema nirudie. Nirudie nini, matanga?

Siku hizi najazia maji yaliyochujwa, ya wauza maji ya kunywa. Nenda na kipimo chako cha madini (TDS), kisome karibu na sifuri, kwa sababu wengine hurudishia madini ili maji yapate ladha.

Ila ujanja wenyewe ni ndoo. Rafiki wa Kigamboni alinipatia mwani wa baharini, ule wenye vichala kama zabibu zetu za Hombolo. Nikauleta kwa treni ya SGR ndani ya kontena la barafu, bila barafu, lenye maji ya bahari. Abiria wa pembeni alidhani nina pweza. Nikausuuza kwa maji ya chumvi kutoa kaa wadogo na takataka, nikautia kwenye ndoo ya lita 20 juu ya tangi. Pampu ndogo inapandisha maji, yanarudi yenyewe kwa bomba. Taa ya ndoo inawaka usiku tangi likiwa gizani. Mwani huu unakula naitreti ileile, pamoja na fosfeti, mbolea nyingine ya mwani, na ule wa mawe ukakosa chakula. Uliobaki niliung'oa kwa mswaki mkuukuu, mawe yakiwa nje ndani ya beseni. Gharama ni laki na ushee, pampu ndiyo iliyouma.

Konokono msitegemee sana: mwani mfupi wanakula, mrefu wanaupita. Na samaki wa barafu unaowapa samaki wako kama chakula, wasuuze kwanza, maji yao nayo ni mbolea.

Mwani wa ndoo upunguze kila ukijaa, kiganja kizima, utupe nje. Ukiuacha usongamane unaweza kugeuka mweupe na kumwaga kila ulichokula ndani ya usiku mmoja, maji yakawa maziwa.