Miezi mitatu bila kazi, na ushuru niliokuwa nadai

Mwaka 2022 nilifanya kazi miezi tisa tu. Stoo niliyokuwa nikisimamia hapa Nakuru ilifungwa mwisho wa Juni, nikakaa nyumbani hadi Oktoba nilipopata nyingine kwa mshahara uleule, shilingi 60,000 za kutozwa ushuru kila mwezi. Juni ya 2023 nikafanya nilivyozoea: nikaingia saiba, nikalipa mia mbili, kijana akanijazia ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru wa mwaka, kwenye iTax, mtandao wa ushuru wa Kenya, dakika tano.

Alijaza ritani ya mtu asiye na mapato. Nami sikusoma, nilichukua risiti nikaenda zangu.

Aliyeng'amua ni mhasibu wa kazini, mama asiyependa mzaha. "Kwani mwaka jana ulikuwa unakula mawe?" akaniuliza. "Niletee P9 zote mbili." P9 ndiyo karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara wako wa mwaka na PAYE uliyokatwa, yaani ushuru ambao mwajiri hukata kwenye mshahara kila mwezi. Ya kazi ya zamani niliipata baada ya kumpigia bosi wangu wa kwanza simu mara nne.

Mama akachukua kikokotoo. Kwa mshahara wangu, kila mwezi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, zinazobaki asilimia 30, kisha ushuru huo hupunguzwa kwa nafuu ya 2,400 ambayo kila mkazi mwenye mapato hupewa. Kwangu ilibaki 10,383. Mara miezi tisa, nilikuwa nimekatwa kama 93,450.

Lakini sheria huhesabu mwaka mzima. Nafuu ni 28,800 kwa mwaka, hata kama ulikaa nyumbani miezi mitatu, na zile ngazi za asilimia 10 na 25 nazo ni za mwaka. Mapato yangu yalikuwa 540,000. Ushuru wake ni 99,400. Ukitoa 28,800 inabaki 70,600. Nilikuwa nimelipa zaidi kwa 22,850! Waajiri wangu hawakukosea popote, kila mmoja alihesabu miezi yake.

Kisha akaniuliza kama nina bima. Ninayo ya maisha, 3,000 kwa mwezi, na sikuikosa hata nilipokuwa sina kazi (nilikopa kwa chama chetu cha akiba). Nafuu ya bima ni asilimia 15 ya unacholipa, isizidi 60,000 kwa mwaka. Yangu ilikuwa 5,400, na hakuna mwajiri aliyeihesabu kwa sababu sikuwahi kumpelekea cheti. Kampuni ya bima ilinipa cheti hicho bila malipo. Ya elimu ya watoto pia hukubaliwa, mradi iwe ya miaka 10 au zaidi.

Nikarekebisha ritani mwenyewe kabla ya tarehe 30 Juni, nikaingiza P9 zote mbili na cheti, kisha nikaomba kurudishiwa 28,250. Niliombwa stakabadhi tena, nikazituma. Pesa ziliingia benki, na nusu yake ilienda moja kwa moja kwa chama.

Sasa mshahara umepanda kidogo na nimeongeza 3,000 kwenye pensheni. Hapa ndipo nilipochelewa kuelewa. Bima hupunguza ushuru kwa asilimia 15 ya unacholipa. Mchango wa pensheni hutolewa kwenye mapato kabla ya kutozwa, kwa hiyo mimi niliye kwenye ngazi ya asilimia 30 naokoa 900 kwa hizo 3,000. Kikomo cha mchango unaotolewa hivyo, pamoja na ule wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kilipanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi mwishoni mwa Desemba 2024. Ubaya wake ni kwamba pesa hizo huzigusi kirahisi, na mtu aliyewahi kukaa miezi mitatu bila mshahara hilo humkaa moyoni. Ndiyo maana niliishia 3,000, ingawa mama mhasibu alitaka nifike 8,000.