Moldi za mishumaa zilivyonitia adabu

Juu ya mguu wangu wa kulia, karibu na kidole gumba, kuna kovu la ukubwa wa sarafu ya mia. Lilitokana na chupa ya maji ya nusu lita.

Ilikuwa kipindi umeme unakatikakatika hapa Dar, kila jioni natuma mtoto kwa Mangi mishumaa, nikasema ngoja nitengeneze mwenyewe. Nikaenda Kariakoo nikachukua nta ya parafini kilo mbili na utambi, moldi za bati, yaani vile vyombo vya kumiminia nta ipate umbo la mshumaa, nilivyosikia bei nikacheka nikaondoka, nyumbani si chupa tupu zimejaa, nitakata shingo natumia hizo. Kiukweli nilijiona mjanja sana.

Nta nikaiweka kwenye sufuria juu ya gesi moja kwa moja, nikawa nasubiri ichemke ndo nijue tayari. Sasa nta haichemki kama maji jamani, imetulia tuli utadhani imepoa, kumbe joto linapanda tu, dalili utakayoiona ni moshi na hapo ushachelewa, ikizidi inashika moto. Nikamimina. Ile chupa ikakaa vizuri kama sekunde tatu hivi, afu ikaanza kusinyaa kiunoni, ikapinda taratibu, ikalala. Nta yote mezani, kutoka mezani mguuni, na mi nimevaa ndala.

Mama mkwe akaja mbio na dawa ya meno. Mdogo wangu akamwambia "hapana mama, tusipake kitu, maji kwanza", nikaweka mguu bombani dakika ishirini nalia kama mtoto, ile nta iliyoganda kwenye ngozi hatukuibandua kwa nguvu, tukaenda zahanati hivyohivyo.

Nilikaa miezi sijagusa nta. Niliporudi nikawa na sheria moja, nta inayeyuka kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, sababu maji yakichemka hayavuki nyuzi 100 basi na nta haivuki hapo. Nikanunua na kipima joto. Mfuniko unakaa pembeni, siku ikishika moto nazima gesi nafunika, simwagii maji hata iweje maana maji kwenye nta inayowaka yanaurusha moto juu.

Moldi nikapata kwa fundi bomba wa mtaani, vipande vya bomba la plastiki, yale magumu meupe. Nikavipasua kwa urefu ili mshumaa utoke kirahisi, nikavibana na vipande vya tyubu ya baiskeli. Haya nayo yana adabu yake, ukimimina nta ya nyuzi 80 na kuendelea bomba linaanza kulegea, kwa hiyo mi nasubiri ishuke kwenye 70 hivi. Ya bati inavumilia zaidi ila usiishike kwa mkono mtupu, inaunguza kweli. Glasi ndo siipendi, ikiwa ya baridi ukaimiminia nta ya moto inapasuka, mpaka uipashe kwanza.

Kilichonisumbua sana ni tundu la chini la utambi. Nikaanza kujaribu moldi kwa maji kwanza, nione kama inavuja. Wazo zuri, ila siku moja nikaikausha kwa kitambaa kwa haraka haraka, kumbe tone limebaki chini kwenye kona, na siku hiyo nilikuwa na haraka nikayeyusha tena moja kwa moja kwenye gesi (ndio, najua, usiniambie). Nta ilivyolikuta lile tone ikaruka pwaa mpaka kwenye kiganja. Sasa hivi nikishajaribu na maji naanika juani mpaka kesho yake. Na wakati wa kumimina moldi zote nazisimamisha kwenye sinia lenye mchanga mkavu, hazianguki, na ikivuja inaishia mchangani badala ya mezani.

Kitu kingine watu wanadanganywa na ule ugumu wa juu. Baada ya nusu saa unaona juu pameganda, peupe, unagonga na kucha unasikia ko ko, unasema tayari. Nilifungua mmoja hivyo, ukapasuka katikati ikatoka nta ya moto kama uji. Siku hizi namimina jioni, kabla sijalala natoboa kidogo pembeni ya utambi na njiti, najazia pale palipobonyea maana nta ikipoa inanywea, naenda kulala, nafungua asubuhi. Ukigoma kutoka usiuchokoe na kisu, weka kwenye friji dakika kumi unajiachia wenyewe. Na kupaka mafuta ya kula kidogo sana ndani kabla ya kumimina kunasaidia, ukizidisha mshumaa unatoka na mabaka.

Watoto hawaingii jikoni siku hiyo, hata wakilia. Na viatu navaa vya kufunika, vile vya shuleni vya mume wangu alivyokuwa ameviacha kwenye kona, vinanipwaya lakini poa tu.

Mama mkwe yeye hajasahau. Akiniona natoa lile sufuria la nta kabatini anazunguka nyumba nzima anakusanya chupa tupu za maji anaenda kuzifungia chumbani kwake.